Neno Lisilo na Dhamana

"I killed Halake."

Sauti ilitoka kwenye simu ya Inspekta Bishara, ikajaa ofisi nzima, ikanyamaza. Inspekta akabonyeza tena.

"I killed Halake."

Ndugu wasomaji, wiki jana tulimwacha mwalimu Kulow ametumbua macho mbele ya simu hiyo, na ujumbe wenu umenifikia. Wengine mnaapa kwamba ni muuaji, wengine mnataka nimtoe kituoni upesi arudi kwa mkewe Kaaha. Tulieni. Sauti ni yake. Uso ni wake. Kiingereza nacho ni chake, kile cha kutamka kila herufi mpaka mwisho, anachowafundishia vijana wa sekondari kule Eldas.

"Ni wewe au si wewe?" Bishara akauliza.

"Ni mimi. Lakini Inspekta, wewe ni binti wa hapa. Unajua kilichokuwa kikifanyika pale kwenye kikao cha suluhu."

"Mimi najua. Konstebo hajui. Mweleze yeye."

Konstebo, kijana wa kutoka bara ambaye joto la Garissa lilikuwa limemtoa jasho hadi soksini, aliinua kalamu na kungoja.

Kulow akaeleza. Halake alikuwa mfugaji wa Wajir, akiswaga mbuzi wake kuja kuwauza Garissa. Alikutwa barabarani karibu na Dadaab, amepondwa na lori. Ami yake Kulow, mzee Abdirahim, akawaita wazee na kuwaambia: lori lilikuwa letu, tukubali. Na huko kwao, ukoo ukikubali damu hautaji jina la mtu. Huchagua mdomo mmoja. Mwenye mdomo huo husimama mbele ya wafiwa, hajitetei, hasemi "ni fulani". Husema "mimi". Mimi nimemuua mtu wenu, nitazameni. Wafiwa wakishamtazama hadi wachoke, hasira hupata pa kutua, na mazungumzo ya diya, yaani ngamia wa fidia ya damu, huanza. Dereva mwenyewe hubaki nyumbani, salama.

"Kwa hiyo ulidanganya," konstebo akasema.

"Sikudanganya! Ni ukoo uliokuwa ukisema."

"Ukoo unasema Kiingereza?"

Hapo Kulow akaona haya. Kwa Kisomali alikuwa amekwisha sema, na vizuri sana, wazee wakatikisa vichwa. Lakini kikaoni walikuwepo watu wa serikali wasiojua Kisomali wala Kiborana. Ami yake akamgusa bega na kumnong'oneza awaambie na hao, kwa Kiingereza chake kile. Na mwalimu Kulow, Mungu amsamehe, hajawahi kuombwa Kiingereza akakataa. Alikohoa, akavuta kifua, akatema. Kila aliyekuwa na simu akamrekodi.

"Sasa tazama hii," Bishara akasema, akatelezesha kidole kwenye simu.

Ilikuwa picha ya ubao. Ubao wake mwenyewe, mwandiko wake mwenyewe wa chaki, wa kulala upande mmoja: murder, manslaughter, assassinate, massacre, slaughter, execute.

"Tumeitoa darasani kwako," Bishara akasema. "Wakubwa zangu wameiona. Wanauliza, mwalimu gani huyu anayewafundisha watoto kuua?"

"Ni msamiati!" Kulow akaruka. "Visawe! Inspekta, wallahi, ni somo la kitabuni. Assassinate ni kuua kiongozi. Slaughter ni mbuzi. Execute ni serikali inaponyonga..."

"Na hii hapa chini, kill time?"

"Hiyo ni kupoteza wakati tu. Kukaa ovyo."

Konstebo akacheka, kisha akakumbuka yuko kazini.

"Mfundishe konstebo yale mawili ya juu," Bishara akasema. "Murder na manslaughter. Polepole, aandike."

Mwalimu ni mwalimu. Mtieni ndani ya kisima, atafundisha vyura. Kulow alikaa sawasawa kitini, akainua kidole, akasahau kwa dakika moja kwamba yuko mikononi mwa polisi. "Murder ni kuua kwa kukusudia. Umeazimia, umefanya. Manslaughter umeua, lakini hukukusudia kuua. Mtu akigongwa na gari bila dereva kumwona, hata hiyo manslaughter wanasheria hubishania. Kwa hiyo hapa, Inspekta, hatuna neno la kwanza kabisa. Ilikuwa ajali."

"Mzee Tadicha unamjua?"

"Simjui."

"Ndiye aliyemwosha Halake kabla ya kuzikwa."

Kulow akakishusha kile kidole.

"Mwosha maiti hasemi alichokiona mwilini," Bishara akaendelea, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Unajua hilo. Ni amana. Huyu mzee ameibeba amana yake mpaka ikamnyima usingizi, akaenda kumuuliza shehe. Shehe akamwambia, aibu ya maiti ndiyo inayofichwa, dhuluma haifichwi. Jana amekuja hapa. Maalim, Halake alikuwa na tundu la kisu chini ya kwapa. Lori halina kisu."

Kulow alishika ukingo wa meza.

"Alichomwa kwanza," Bishara akasema. "Kisha akalazwa barabarani, lori likapita juu yake. Hilo ni neno gani ubaoni kwako?"

Kulow alilijua neno. Alikuwa amelipigia mstari mara mbili kwa chaki nyekundu.

"Na dunia nzima," Inspekta akasema, "ni mtu mmoja tu aliyesimama akasema ni yeye."

Hapo ndipo mwalimu wetu alipoogopa. Alikuwa ameogopa tangu asubuhi, ndiyo, lakini ule ulikuwa woga wa mtu anayetarajia kueleweka. Huu ulikuwa mwingine. Aliwaza Kaaha, mjamzito, aliyekuwa amefikia naye hapa Garissa kwa shangazi wa Kaaha. Aliwaza kamba ya mnyongaji. Akataka kulia, akakumbuka konstebo anatazama.

"Nikuulize swali moja la nyumbani," Bishara akasema. "Lini umeona ukoo unakimbilia diya kabla haujadaiwa? Sisi tunawajua wazee wetu. Watakana. Watabishana msimu mzima nani aligonga, gari lilikuwa upande gani, marehemu alikuwa amelala au amesimama. Wenu wamekuja wenyewe, hata maziko hayajapoa. Nani aliwaharakisha?"

Jibu lilikuja lenyewe na Kulow hakulitaka. Aliyewaharakisha ni ami yake. Na ami alikuwa na haraka kwa sababu aliyekuwa usukanini ni Ogle, mwanawe wa kumzaa, dereva wa lori la maji kule Dadaab. Diya ikishapokewa, nani atauliza tena marehemu alikufaje? Kesi ya ajali imekwisha, watu wamekula, dua imesomwa.

"Nipe jina la dereva," Bishara akasema. "Moja tu. Utoke kwenye shimo hili."

Kulow akafungua mdomo. Yeye na Ogle walikuwa wameogeshwa karai moja. Ogle ndiye aliyembeba mgongoni alipoumwa na nge. Akitaja jina, ndugu za Halake watakuwa wamelisikia kabla ya Alasiri, na Ogle atakuwa maiti kabla ya Magharibi. Asipotaja, maiti ni yeye.

"Dereva," akaanza, "ni..."

Mlango ukafunguliwa bila kubishwa.

"Assalaamu aleykum," mzee Abdirahim akasema.

Aliingia na kofia yake ya kufuma, ndevu nyekundu kwa hina, bakora mkononi, akiwa ametulia kabisa. Kulow akasimama kwa heshima, akajichukia kwa kusimama.

"Waleykum salaam, adeer," akajibu, yaani ami kwa Kisomali.

"Mzee ameomba kuongea na mtu wake," Bishara akasema. "Sawa. Lakini mtaongea Kiswahili. Konstebo asikie." Akatoka kwenda kupokea simu ya mkubwa wake, na konstebo akabaki pembeni.

Basi mzee, ambaye Kisomali chake kinaweza kutoa nyoka pangoni, akalazimika kusaga Kiswahili chake cha sokoni, ambamo kila p huwa b.

"Kulow, wewe mtoto ya ndugu yangu. Ndugu yangu alikufa, nani alisomesha wewe?"

"Ni wewe, adeer."

"Basi sikiza. Mimi nimeongea na wakili. Wakili nasema kuna maneno mbili ya Kingereza. Moja kubwa, moja ndogo. Wewe chukua ile ndogo."

"Ile ndogo ni manslaughter, adeer. Nikiichukua nimekubali kwamba nimeua."

"Si ulisha sema umeua? Watu mia wamesikia wewe."

"Nilisema kwa ajili ya ukoo!"

"Na sasa fanya kwa ajili ya ukoo. Ile ndogo iko na dhamana. Wazee watatu wanaweka sahihi, wewe natoka leo, nakula chakula ya Kaaha. Kesi nakwenda bolebole, miaka inabita, watu wanasahau." Akaweka mkono begani pa Kulow. "Mimi nataka wewe ulale nyumbani. Baas."

Ilisikika vizuri, wasomaji. Hata mimi ningeshawishika. Mkono ule ule ndio uliokuwa umemwandikisha shule.

"Adeer," Kulow akasema, "Halake alichomwa kisu."

Alimkazia macho ami yake. Alitaka kuona mshtuko. Alitaka sana. Mzee Abdirahim akarekebisha kofia yake.

"Mungu ndiye najua," akasema.

"Hukushangaa."

"Mimi ni mtu mzima. Mtu mzima hashangai bele ya askari."

"Ogle yuko wapi?"

"Ogle amesafiri."

"Amesafiri kwenda wapi? Ogle amefanya nini, adeer?"

"Waryaa!" Bakora iligonga sakafu, konstebo akashtuka. Kisha mzee akajirudi, akashusha sauti. "Ogle ni mtoto yangu. Wewe bia ni mtoto yangu. Mimi sitaki kuzika yoyote. Chukua ile ndogo."

"Sichukui."

Ni mara ya kwanza maishani Kulow kumwambia ami yake hapana. Alingoja tusi, alingoja radhi kuondolewa. Mzee akatabasamu kwa huzuni, na huzuni ile ilimtisha mwalimu kuliko ile bakora.

"Sawa, mwanangu," akasema. "Mimi nangoja nje na gari."

Akatoka.

Anangoja nini? Kulow hakuwa amepata jibu wakati Bishara aliporudi. Uso wake ulikuwa umekunjamana.

"Vaa viatu vyako," akasema.

"Napelekwa wapi?"

"Nyumbani. Wakubwa wamesema maneno ya kikao cha suluhu si kukiri kosa. Hukuyasema mbele ya jaji, hukuyasema mbele ya polisi wa cheo changu. Bila hiyo video sina kitu juu yako. Na aliyewapigia wakubwa kuwakumbusha sheria hiyo ni wakili wa ami yako. Uko huru."

Huru! Kulow alimshukuru Mungu, akamshukuru Inspekta, akamshukuru hata konstebo. Alimwomba ami yake msamaha moyoni mara kumi. Kumbe mzee alikuwa akimpigania muda wote! Alivaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto, akavua, akavaa tena, akicheka peke yake.

Akatoka ofisini, akaingia ukumbini karibu anakimbia. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, na nje jua lilikuwa likiwaka uani, na ng'ambo ya uwanja lango nalo lilikuwa wazi. Aliliona gari la ami yake, mlango wa nyuma umefunguliwa, unamngoja.

"Maalim. Usitoke."

Aliyesema ni mwanamke aliyeketi kwenye benchi ya wageni, amejifunika mtandio mweusi. Kulow alimtambua akaganda. Alikuwa Batula, mjane wa Halake. Mara ya mwisho walipotazamana, mwalimu alikuwa amemwambia kwamba ni yeye aliyemuua mumewe.

"Ukitoka unakufa," Batula akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota sokoni, lakini hakikupinda. "Ndugu za mume wangu wako nje. Wanne. Wako nyuma ya lile duka la maziwa ya ngamia."

"Lakini tumepatana. Diya mmepokea."

"Ngamia imerudi."

Hata wewe usiyekaa upande huu, msomaji, lielewe hili. Wafiwa wakirudisha ngamia, maana yake hawataki tena mali. Wanataka mtu.

"Nani amewarudisha?"

"Asubuhi mzee wako alikuja. Huyu wa ndevu nyekundu. Alibeba simu, alionyesha wao ile video. Alisema, sisi tulifikiri ni ajali, kumbe maalim alipiga kisu. Alisema ukoo imetoa mkono kwa maalim. Chukueni yeye, tupeni ngamia yetu." Akatema pembeni. "Alisema saa ngapi wewe utatoka. Alisema mlango gani."

Kulow alitaka kusema hapana. Basi ndiyo maana ya lile neno dogo! Neno dogo lina dhamana, na dhamana inafungua lango, na langoni kuna kisu. Alipolikataa, ami akatafuta ufunguo mwingine. Mtu aliyemlea alikuwa amemuuza mara mbili kabla ya adhuhuri, na bado alikuwa amemfungulia mlango wa gari.

"Kwa nini unaniambia?" akauliza. "Wewe ndiye mwenye kudai."

"Mimi nadai yule mwenye kisu. Nilikutazama siku ile. Uliongea maneno mingi, lakini mikono yako ilikuwa inatetemeka kama ya mtoto. Wewe hujachinja hata kuku." Batula akasimama, akamkaribia. "Wakiua wewe, mwenye kisu atakula ngamia yake na kulala. Mume wangu atakuwa amekufa bure. Niambie ni nani."

"Siwezi."

"Uliweza kuniambia ni wewe. Mbele ya watoto wangu uliweza. Niambie ni nani!"

Alikuwa akilia sasa, bila kujificha, na machozi yale yalimwaibisha Kulow kuliko yote yaliyompata siku hiyo. Nje, ami yake alikuwa amesimama kando ya gari, mkono juu ya macho, akichungulia. Kulow alimtazama, na hasira ikampanda mpaka ikamfunika macho.

"Ogle," akasema. "Mwana wa yule mzee. Dereva wa lori."

Batula alirudia jina kwa midomo bila sauti. Akafunga mtandio.

"Nitawaambia," akasema. "Lakini wao wamesikia wewe kwa sikio yao. Mpaka waamini mimi, wewe kaa ndani."

Akateremka ngazi, akavuka uwanja, akampita mzee Abdirahim bila kumtazama.

"Kulow!" mzee akaita kutoka uani, sauti tamu. "Kuja, mwanangu! Kaaha amebika! Chakula nabata baridi!"

Kulow akarudi ofisini mbio.

"Nifungie," akamwambia Bishara. "Nirudishe ndani."

"Maalim, jua limekupiga?"

"Wako nje wananingoja. Ngamia wamerudishwa. Nifungie, dada, nakuomba!"

Bishara alikwenda dirishani, akatazama upande wa duka la maziwa, akarudi polepole. Ngamia wamerudishwa: yeye hakuhitaji kuelezwa zaidi. "Sina kosa la kukufungia. Nikikuweka bila kosa, wakili yule atanivua cheo saa hiyo hiyo. Nitakupa askari wa kukusindikiza."

"Mpaka wapi? Mpaka nyumbani kwa shangazi yake Kaaha? Na kesho?"



Basi mwalimu Kulow akasimama katikati ya ofisi, akafikiri kama hajawahi kufikiri mtihanini. Anahitaji kosa. Aseme amemtukana askari? Faini, atatoka leo. Aseme manslaughter? Wazee watatu wako tayari na kalamu zao, atatoka leo. Maneno yote ya ubaoni aliyapitia moja moja, na kila moja lilikuwa na mlango wa nyuma. Lilibaki moja ambalo polisi hawaruhusiwi kulitolea dhamana, hata wazee waje mia. Hilo ni la jaji wa Mahakama Kuu peke yake.

"Inspekta," akasema, "konstebo aandike."

"Usifanye hivyo," Bishara akasema. Alikuwa ameelewa.

"Kukiri mbele ya polisi wa cheo chako. Si ndiyo sheria?"

"Maalim, ukishalisema mbele yangu siwezi kulifuta. Hilo halirudi. Mkeo atazaa wewe uko jela ya Kamiti."

"Mke wangu atazaa mimi niko hai."

"Kulow!" ikaja sauti kutoka uani. "Kuja, mwanangu!"

Kulow akafumba macho. Watoto wa kidato cha pili wangemshangaa siku hiyo, maana hakutamka kila herufi. Alisema haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu.

"I murdered Halake."

Kalamu ya konstebo ilikwaruza. Bishara akageuza uso ukutani. Kisha akatoa funguo.

Walimpitisha korido ya nyuma. Mkanda ukatolewa, kofia ikatolewa, mlango wa chuma ukafunguliwa, ukafungwa. Kulow akaegemea ukuta akashuka mpaka chini. Seli ilinuka mkojo na jasho, na alihisi raha, wasomaji, naomba mniamini, alihisi raha kama mtu aliyefika kivulini. Alikuwa hai. Ukuta ulikuwa mnene. Hakuna mwenye kisu wa kumfikia hapo.

"Karibu, maalim."

Kulow aligeuka. Pembeni, chini ya kidirisha, kulikuwa na mtu amekumbatia magoti yake. Macho yalipozoea giza akaliona shati, akaliona lile pengo la jino la mbele.

Alikuwa Ogle.

Mwalimu alijitupa mlangoni kupiga makelele. Ogle akamdaka mguu.

"Nyamaza! Hawajui jina langu. Jana nimempiga kofi askari kwenye kizuizi cha darajani, nikajiandikisha Mohamedamin. Baba ndiye aliyenituma. Alisema hakuna mahali salama kama seli, nikae humu mpaka mambo yaishe." Sauti yake ikakatika. "Lakini alisema wewe utakuwa nje. Kwa nini uko humu?"

"Muuaji mkubwa wewe! Umemchoma mtu, ukaniachia mimi niseme mimi!"

"Mimi?" Ogle akainuka kwa magoti. Hakuwa na kisu. Hakuwa na kitu. Alikuwa akilia kimya kimya, na alionekana hajala. "Kulow, sikumchoma. Waligombana kisimani, Halake na baba. Halake alimwambia mbele ya watu kwamba ni mwizi wa maji. Jioni baba akamfuata barabarani. Mimi nilifika na lori nikamkuta amekwisha kufa. Baba akaniambia pitisha. Nikakataa. Akaniambia ataniondolea radhi. Nikafumba macho nikapitisha." Akafuta pua kwa kiganja. "Kila siku naota ule mtikisiko. Nikitoka hapa naenda kumwambia mke wake mwenyewe. Wallahi naenda."

Kulow akakaa. Batula. Jina. Alilitoa kwa hasira, akalisema waziwazi, na sasa lilikuwa huko nje likitembea kutoka mdomo hadi mdomo nyuma ya duka la maziwa.

Hatua zilisikika koridoni. Funguo zikalia.

"Mohamedamin!" konstebo akaita, akifungua mlango. "Toka. Faini yako imelipwa. Kuna mzee anakungoja langoni na gari."

Ogle akapangusa uso, akasimama, akajikung'uta vumbi. Kulow akamshika shati kwa mikono miwili.

"Usitoke."

"Wacha, maalim, ni baba. Akiniita maana yake mambo yameisha."

"Ogle, usitoke!"

Ogle akamtazama. Alimtazama mikono, akamtazama macho, na rangi ikamtoka usoni taratibu.

"Kulow," akasema. "Umemtajia nani jina langu?"